Mwanga Utokao kwenye Kaboni
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika ukumbi wa chakula wa shule yetu, siku ya mkutano wa mwaka wa chama)



Katibu aliniandikia kwamba nije kuzungumza juu ya "Sayansi na Maendeleo". Mada hiyo ni kubwa kuniliko mimi, na muda niliopewa ni mdogo kuliko mada. Kwa hiyo nimeikata nikabaki na kipande kimoja tu, nacho ni taa. Nitaeleza jinsi taa inavyotoa mwanga, jinsi wataalamu wanavyojitahidi kuitengeneza kwa vitu vichache zaidi, na mwisho nitasema neno juu ya fedha tulizochanga. Neno hilo la mwisho huenda wengine wasilipende. Naomba mnivumilie.

Nilikuja shule hii miaka ya tisini kutoka kijiji kimoja cha Kibondo, sanduku langu la bati likiwa juu ya lori, tukavuka Malagarasi na kuingia Kasulu nikiwa mwekundu kwa vumbi kichwani hadi miguuni. Wenzangu wa siku zile mnakumbuka masomo ya usiku. Darasa zima lilikuwa na karabai moja. Aliyekaa mbele alisoma, aliyekaa katikati alibahatisha, na aliyekaa nyuma alisimuliwa. Bwenini koroboi ilikuwa imekatazwa, lakini kila mtu alikuwa nayo, na asubuhi ungemjua aliyesoma usiku kwa masizi ya puani mwake. Naona kuna watu wanacheka hapo mstari wa pili. Hao ndio waliokuwa wakiniibia mafuta ya taa.

Ninyi vijana hamkuyaona hayo. Mwaka 2022 gridi ya Taifa ilifika Kasulu na Kibondo kutoka upande wa Nyakanazi, na majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiilisha miji hiyo miwili yakazimwa. Hata hivyo, tusidanganyane. Ukitoka barabarani na kuingia ndani vijijini, bado utakuta nyumba nyingi ambazo taa yake ni ya jua au ya betri. Kwa hiyo swali la taa nzuri, rahisi na inayodumu halijaisha katika nchi yetu ya Buha.

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtumishi wa umma, na nataka kuanza kwa kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika wilaya moja ambayo sitaitaja, nilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kununua taa za jua kwa ajili ya zahanati. Mimi ndiye niliyeandika sifa za taa zinazotakiwa, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na shahada ya sayansi. Niliandika wati. Niliandika ukubwa wa betri. Niliandika hata rangi ya boksi. Tukachukua bei ya chini, nikatia sahihi, na taa 40 zikagawanywa kiangazi. Zilipofika tuliwasha moja ofisini, tukapiga makofi.

Mvua za Novemba ziliponyesha, zikaanza kufa moja moja. Kabla ya Krismasi nyingi zilikuwa zimezimika. Katika zahanati moja muuguzi alimzalisha mama usiku kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na wifi wa mzazi, na simu yenyewe ilikuwa inakaribia kuisha chaji. Namshukuru Mungu, mama na mtoto walipona. Nilipokwenda pale, yule muuguzi, mama wa makamo, hakunigombeza. Alinipa taa mkononi akasema, "Mwanangu, safari nyingine kabla hujanunua taa, iulize kama inaijua masika."

Niliibeba ile taa nyumbani nikaifungua kwa kisu. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani kwenye shaba. Mahali waya ulipoingilia hapakuwa na mpira wa kuzuia unyevu. Lakini kilichonishangaza zaidi ni hiki: kile kichembe kinachotoa mwanga kilikuwa kizima kabisa. Nilikiunganisha na betri nyingine kikawaka. Taa ilikuwa imeuawa na maji, na mimi katika karatasi zangu sikuwa nimeandika neno maji hata mara moja.

Tangu siku hiyo nilirudi kwenye vitabu. Niliyoyasoma ndiyo ninayotaka kuwapeni leo.

Shaba hupitisha umeme; tunaiita kipitishi. Mpira haupitishi, tunauita kihami. Katikati yake kuna vitu ambavyo hupitisha kwa masharti, navyo huitwa vipitishi nusu. Taa ya LED hutokana na vitu hivyo. Upande mmoja unaingiza elektroni. Upande wa pili unaziondoa elektroni na kuacha nafasi zilizo wazi, ambazo wataalamu huziita matundu. Vijana wa Kidato cha Pili mtaniuliza: nafasi tupu inatembeaje? Tazameni benchi mlilokalia. Tuseme ni la watu sita na limekaliwa na watano, na nafasi wazi iko mwisho wa kushoto. Jirani yake akisogea kushoto, nafasi wazi imehamia kulia kwake. Wakiendelea kusogea mmoja mmoja, nafasi ile itafika mwisho wa kulia, ingawa hakuna mtu aliyekwenda kulia. Ndivyo tundu linavyosafiri. Elektroni na tundu vikikutana, elektroni hutumbukia kwenye nafasi ile, na nguvu inayobaki hutoka kama mwanga.

Rangi ya mwanga hutegemea urefu wa kule kutumbukia. Taa nyekundu ya LED huanza kuwaka kwa volti zinazokaribia 2. Ya bluu hudai karibu 3. Ndiyo maana nyekundu ilitangulia kwa miaka mingi na bluu ikasumbua. Wazaliwa watatu wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kupata ile bluu, maana bila bluu hakuna taa nyeupe inayofaa. Taa za jua zilizoko vijijini mwetu leo ni matunda ya kazi yao.

Lakini fuwele za galiamu na naitrojeni zinazotoa mwanga huo hukuzwa katika joto la karibu nyuzi 1,000, kwa mitambo ya gharama kubwa. Ndipo watu wakauliza: je, hatuwezi kupata mwanga wa namna hii kutoka kwenye kitu cha kawaida zaidi? Je, hatuwezi kuupata kutoka kwenye kaboni?

Nawaambieni ukweli, nilipoliona swali hilo nilimkumbuka mwalimu wetu wa kemia. Hakuwa na vifaa. Alitufundisha kaboni kwa maharage na miiba ya mchongoma: harage ni kaboni, mwiba ni kifungo. Alituonyesha mnyororo ambao kifungo kimoja hufuatwa na vifungo viwili, kisha kimoja, kisha viwili. Sisi tulikariri tupate kufaulu. Kumbe mnyororo ule wenye kupishana ndio siri yenyewe. Katika mnyororo wa namna hiyo baadhi ya elektroni hazikai mahali pamoja. Husambaa katika mnyororo mzima, na hapo kitu tulichokizoea kuwa ni kihami hugeuka kuwa kipitishi nusu. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba utando wa plastiki ya aina hiyo, ukitiwa iodini, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka mara mamilioni. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000.

Baada ya umeme ukaja mwanga. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven VanSlyke, wa kampuni ya Kodak huko Marekani, walitandaza matabaka mawili ya molekuli za kaboni, moja juu ya jingine. Unene wa yote mawili haukufika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Wakatia umeme usiofika volti 10, na utando ule ukang'aa kijani. Mwaka 1990 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, wakaonyesha kwamba hata plastiki, yaani polima, ikitandazwa tabaka moja tu, hutoa mwanga. Taa za namna hii huitwa OLED, na leo skrini za simu na televisheni nyingi ni za aina hiyo. Huenda baadhi yenu mnayo mfukoni.

Sasa hapa pana jambo la kufikiri. Ile taa ya tabaka moja ya 1990 ilikuwa rahisi kweli, lakini mwanga wake ulikuwa haba sana. Kwa nini? Kwa sababu katika vitu vingi vya kaboni elektroni na matundu havitembei kwa mwendo sawa. Kimoja hupita, kingine hunaswa njiani. Basi hukutana pembeni, karibu na chuma cha kuingizia umeme, na mwanga hufia hapo. Wataalamu walitibu ugonjwa huo kwa kuongeza matabaka. Waliweka tabaka la kupokea elektroni, tabaka la kuzisafirisha, tabaka la kuzizuia zisipitilize. Halafu wakafanya vivyo hivyo upande wa matundu. Taa ikang'aa vizuri, lakini sasa ilikuwa kama mkate wa matabaka matano, sita au zaidi, kila tabaka likidai kitu chake, kipimo chake na mtambo wake. Na kila mpaka kati ya tabaka na tabaka ni mahali pa kuanzia hitilafu.

Kulikuwa na ugonjwa wa pili. Katika kila mikutano minne ya elektroni na tundu, mitatu huangukia hali ambayo katika molekuli za kawaida haitoi mwanga. Robo tatu ya jasho lote inapotea! Mwishoni mwa miaka ya tisini wataalamu wa Marekani waliiokoa hasara hiyo kwa kutumia molekuli zenye metali nzito kama platini na iridiamu, ambazo ni adimu na ghali. Mwaka 2012 Chihaya Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, wakaonyesha njia isiyohitaji metali hizo. Walitengeneza molekuli ambazo joto la kawaida la chumbani hutosha kuzisukuma zile hali tatu zirudi kwenye hali inayotoa mwanga.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo ninapopapenda. Mwaka 2019 Naresh Kotadiya, Paul Blom na Gert-Jan Wetzelaer, wa Taasisi ya Max Planck ya Utafiti wa Polima mjini Mainz, Ujerumani, walirudi kwenye tabaka moja. Hawakuongeza kitu, walipunguza. Walichagua molekuli ya ile aina ya 2012 ambayo elektroni na matundu hupita ndani yake karibu sawasawa. Ukiacha utando mwembamba mno wa kusaidia umeme uingie vizuri, taa nzima ilikuwa tabaka moja. Katika kila elektroni 100 zilizopita, chembe 19 hivi za mwanga zilitoka nje, na volti 2.9 tu zilitosha kuipa mng'aro mkali.

Walijuaje molekuli ya kuchagua? Mwaka huo huo katika taasisi ile ile walikuwa wamechunguza ni nini hasa kinachonasa elektroni na matundu njiani. Walipima vitu vingi, wakaona kwamba ile mitego haitokani na kila kitu kwa namna yake. Ni ile ile, inajirudia. Na kwa upande wa matundu, ushahidi wao ulielekea kwenye maji! Vishada vidogo mno vya molekuli za maji, vimejificha katika nafasi zilizo wazi ndani ya utando, hata ule uliotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa hiyo wakasema: ikiwa mtego uko kwenye kiwango fulani cha nguvu, tutafute molekuli ambazo viwango vyake vinapita pembeni ya mtego.

Ndugu zangu, nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikacheka peke yangu. Mimi na mabingwa wa Ujerumani tulishindwa na adui mmoja. Tofauti ni kwamba wao walimtafuta, wakampima, wakamjua anapokaa. Mimi nilimsahau.

Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba OLED ya tabaka moja itakuja Kibondo mwezi ujao. Ile taa ya Mainz, ikianza na mng'aro wa kandela 1,000 kwa mita mraba, ilichukua saa 1,880 kupungua hadi nusu. Kijana anayesoma saa nne kila usiku angeitumia siku 470, yaani mwaka mmoja na zaidi ya miezi mitatu, ikawa imefifia nusu. LED nzuri ya kawaida hudumu saa makumi ya maelfu. Tena bluu ya kaboni bado inasumbua, kama ile bluu ya zamani ilivyosumbua, maana molekuli za bluu huhitaji viwango vya nguvu vilivyotengana sana na hazikwepi mitego kwa urahisi. Na taa hizi zote za kaboni huogopa unyevu na hewa. Visipozibwa, hutokwa na madoa meusi yanayokua. Atakayetaka kuzitumia katika nchi ambayo mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei lazima alijue hilo kwanza. Kwa zahanati za leo, nunueni LED ya kawaida iliyozibwa vizuri.

Basi, kwa nini nimewachosha na habari hizi? Nina sababu mbili.

Kwanza, kitu kikiwa na hatua chache, watu wengi zaidi wanaweza kukitengeneza. Taa ya matabaka saba ni ya mwenye kiwanda kikubwa. Taa ya tabaka moja, siku itakapokomaa, yaweza kuwa ya watu wenye zana chache na akili nyingi. Tena msifikiri kazi hii haijawahi kufanywa na Mwafrika wa upande wetu. Katika Chuo Kikuu cha Addis Ababa, mkemia Wendimagegn Mammo na wenzake wametengeneza polima za jamaa hii kwa ajili ya seli za jua, wakishirikiana na wenzao wa Chalmers na Linköping nchini Uswidi. Polima hizo zimo katika majarida ya kimataifa. Chuo chetu cha Dar es Salaam nacho kimo katika mtandao wa vyuo vya Afrika Mashariki na Kusini unaoshughulikia sayansi ya mata na nishati ya jua. Mlango upo. Swali ni kama mtoto wa Kasulu ataufikia akiwa ameshika chupa ya maabara hata mara moja maishani mwake.

Pili, hata kama hakuna hata mmoja wenu atakayetengeneza molekuli, wengi wenu mtakuwa wauguzi, walimu, madiwani, wahasibu, na watu wa kutia sahihi kama mimi. Mtanunua taa, pampu, dawa na mabati. Muuzaji atawaambia wati na bei. Ni nani atakayeuliza juu ya maji? Ni yule aliyewahi kutumbukiza taa kwenye ndoo darasani akaona kilichotokea.

Na sasa, Ndugu Mwenyekiti, nafika kwenye fedha. Kamati imependekeza mchango wetu wa mwaka huu ujenge lango jipya lenye jina la shule na taa juu yake. Ni pendekezo la heshima, nami najua limetolewa kwa nia njema. Lakini asubuhi hii nimeingia katika chumba cha maabara. Bomba halitoi maji. Mizani ni moja, na imeinama. Kabati la kemikali lina chupa ambazo maandishi yake yalikuwa yamefutika tangu nilipokuwa mwanafunzi. Vijana hawa wanasoma kaboni kama tulivyoisoma sisi, ila sasa hata maharage yamepanda bei.

Naomba lango lisubiri. Tulete maji maabara, mizani, kemikali za kutosha mwaka mzima, na vipimo vya volti kwa kila kikundi cha wanafunzi wanne. Kwa vifaa hivyo Kidato cha Tatu wataweza kupima wenyewe volti ambazo LED nyekundu, kijani na bluu huanza kuwaka, na wataliona kwa macho yao jambo ambalo mimi nimelieleza kwa maneno. Wataweza pia kuzipima taa zinazouzwa sokoni, wakaiambia zahanati ya jirani ipi inunue na ipi iiache. Hiyo itakuwa faida kwa wilaya nzima.

Mimi ninaanza kwa mshahara wangu wa mwezi mmoja. Si ukarimu, ni deni. Kuna taa 40 zilizozimika kwa sahihi yangu, na sijapata mahali pengine pa kuzilipia.

Vijana, mkitoka hapa msiende kulala. Mwombeni mwalimu wenu taa moja iliyokufa, muifungue, mtafute ilikufaje. Mkipata jibu niandikieni, nami nitajibu.